Mawe Yasiyotaka Jua

Msibani kwa Baba Mkubwa waliniomba niseme maneno mawili, kwa kuwa yeye hakuzaa na mimi ndiye niliyekaribia kuwa mtoto wake. Nikasema koo linaniuma. Koo halikuniuma hata kidogo. Ningefungua mdomo siku ile ningemwaga yote, na watu walikuwa wamekuja kumzika, si kusikiliza ya nyumbani kwetu. Akasimama jirani badala yangu, akasema marehemu alikuwa mtu mpole, mkimya, mpenda uzuri. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamia viatu vyake, mabega yanamtetemeka, na waliokaa karibu naye wakadhani analia.

Mpole, eti. Haya, ngoja niwaeleze huo upole.

Baba Mkubwa alikuwa kaka yake baba, na kazi yake ilikuwa kukata miwani. Si kuuza, kukata. Nyuma ya duka la miwani kulikuwa na kichumba chenye mashine ya kusagia, na humo ndimo alimomaliza ujana na utu uzima wake, akisaga vioo mpaka viingie kwenye fremu za watu. Kazi aliijua, hilo simnyimi. Alikuwa akipitisha kidole kwenye ukingo wa kioo na kujua kama kitakaa au kitacheza. Lakini alikuwa na gubu. Ukimwambia shikamoo asubuhi, alikuwa akiitikia marahaba kana kwamba umemwomba figo. Wateja hawakuruhusiwa kuingia kule nyuma, na nadhani mwenye duka alikuwa na sababu zake.

Mawe yalianza na kifusi. Wajenzi wa barabara walimwaga kokoto mbele ya duka, naye alipokuwa akitoka akaona kipande kimoja kina fuwele iliyochongoka kama penseli, safi, unaona hadi upande wa pili. Akakitia mfukoni. Akakisugua kwa mswaki wa zamani, akakiweka juu ya kabati, na tangu hapo hakupona. Akajifunza kwamba jiwe lile linaitwa kwatzi, kwamba lipo dunia nzima, na kwamba likiwa la zambarau linaitwa amethisto na watu wazima hugombana kwa ajili yake. Akajua pia kuwa kuna watu huko nje wenye ugonjwa kama wake, wanaobadilishana kwa posta. Siku za mapumziko akawa anapanda kwenye machimbo ya kokoto na nyundo, anarudi na mfuko umemvuta bega, anaosha, anachagua, anafunga kwa pamba, anatuma. Na yeye akawa anatumiwa.

Yalikuja ya Brazili, ya Madagaska, ya Urusi, ya Meksiko. Yalikuja ya moshi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Lilikuja moja lenye tone la maji lililonaswa ndani, ukiliinamisha tone linatembea. Hilo nilionyeshwa mara moja nikiwa mdogo. Nilipolisogelea ili niangalie vizuri akasema, "Umeshaona. Toka."

Kilichokuwa kikimchoma mama ni kwamba Baba Mkubwa alijua adabu, ila hakupenda kuitumia ndani. Kulikuwa na mtu wa Brazili aliyekuwa akiandikiana naye, na huyo mtu wa Brazili alikuwa na habari za goti lake, usingizi wake, mpaka jino lake lililong'olewa. Sisi tulioishi naye chini ya bati moja tulijua jino limeng'olewa tulipoona shavu limevimba. "Nitakwenda kuishi Brazili," mama alikuwa akisema, "huenda kule akanisalimia."

Sasa niwaonyeshe nyumba, maana ugomvi wote ulikuwa wa nyumba. Bibi aliwaachia wanawe wawili. Kulikuwa na korido ndefu, vyumba viwili upande mmoja ambavyo madirisha yake yalitazama ukuta wa jirani, na mbele kabisa chumba kikubwa chenye dirisha pana, kinachoingiza jua tangu mchana hadi linapozama. Baba Mkubwa, kwa kuwa mkubwa, alichukua cha mbele. Akakizungushia rafu kuta zote, kitanda chake chembamba akakisukumia kona kama kitu kilichosahauliwa na wahamaji. Mama yangu alipoolewa na kuingia nyumba ile, wakati bado wanataniana kama shemeji na shemeji, Baba Mkubwa alimwomba amshonee pazia. Zito, alisema, jeusi, lisipitishe hata uzi wa mwanga. Mama alikuwa mshonaji, tena bi harusi mgeni, alitaka kupendeza. Akalishona kwa kitambaa mara mbili na bitana katikati, akatia vipande vya risasi kwenye pindo viwe uzito ili lisipepee. Hakuna pazia alilowahi kulishona vizuri kama lile, na amelijutia mpaka leo.

Baba alipofariki, cherehani ndiyo iliyobaki kutulisha. Mama aliiweka koridoni chini ya balbu, kwa kuwa vyumba vya ndani vilikuwa na giza kuliko korido. Alikuwa akishona sare za shule, suruali za bluu iliyoiva karibu na nyeusi, kwa uzi wa rangi hiyohiyo. Jaribuni siku moja. Siku moja alipiga moyo konde, akamsubiri Baba Mkubwa mlangoni.

"Shemeji, naomba unipe pale dirishani tu. Mchana, wewe ukiwa kazini. Ukirudi utakuta nimeshaondoa kila kitu changu."

"Lile dirisha halina kazi. Lina pazia."

"Ndiyo nasema, pazia livutwe kidogo."

"Jua linakula zambarau," Baba Mkubwa akasema, polepole, kama anayemfundisha mtu mjinga. "Amethisto ikikaa juani inapauka. Inakuwa nyeupe, inakuwa jiwe la kuegeshea mlango. Na rangi ikishatoka hairudi. Unanielewa?"

"Na macho yangu je? Yenyewe yakitoka yanarudi?"

"Macho yako nitakutengenezea miwani."

Miwani hiyo hakuitengeneza. Mtaa mzima ulikuwa ukivaa miwani iliyopita mkononi mwake, hata mwalimu aliyekuwa akinichapa mimi, ila mama alibaki akikunja uso koridoni na sindano iko kwenye ncha ya pua.

Basi mama akawa anaiba. Baba Mkubwa akiondoka, anavuta pazia kwa upana wa mkono mmoja, anasogeza kiti, anamalizia zile kazi za sindano. Kabla hajarudi analifunga. Hakugusa jiwe hata moja. Lakini Baba Mkubwa alikuwa na pua ya mambo hayo. Asubuhi moja alichukua uzi mweusi, kutoka kwenye mkebe wa mama mwenyewe, akaufunga kati ya pindo la pazia na msumari wa ukutani. Jioni akatoka chumbani ameushika kwa vidole viwili.

"Hii nini?"

"Uzi," mama akasema.

"Umekatika."

"Uzi hukatika, shemeji. Mimi ndiyo kazi yangu, naujua."

Kesho yake akaufunga tena. Aliporudi hakuukuta umekatika. Aliukuta umefungwa vizuri, kwa fundo la kipepeo, kama utepe wa nywele za mtoto. Mama alicheka peke yake jikoni mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, kwa kuwa sikujua kitakachofuata. Kilichofuata ni kufuli kwenye mlango wa chumba cha mbele, kubwa, la kufungia ghala, na ufunguo akauvaa shingoni.

Ndani ya chumba hicho kilichofungwa kulikuwa na jiwe moja lililozidi yote. Lilitoka Uruguai, ukubwa wa mkate, kwa nje limekaa kama kiazi kilichooza na kwa ndani limejaa fuwele za zambarau zilizoshikana, karibu nyeusi kwa kuiva. Alilibadilisha kwa nusu ya alichokuwa nacho. Alilipa jina: Malkia. Mhandisi mmoja wa machimbo, naye mgonjwa wa mawe, alikuwa akija kulitazama, wanajifungia wawili na kurunzi. Mama aliwapelekea maji siku moja. Baba Mkubwa akampokelea mlangoni, akamwambia asiweke kikombe karibu, kisha akafunga. Malkia alikuwa na chumba chenye dirisha. Mama alikuwa na korido. Hivyo ndivyo tulivyoishi, na mimi nilikua nikimchukia mtu huyo kwa moyo mweupe.

Halafu macho yake yakaanza kumwacha. Mtu aliyekaa duka la miwani miaka yote hiyo, lenye chumba cha kupimia macho hatua chache kutoka kiti chake, hakuwahi kupimwa. Alianza kugonga kingo za milango. Akawa anamwaga chai pembeni ya kikombe na kulaumu kikombe. Mwisho akamkatia mteja miwani, kioo cha kulia akakiweka kushoto, mteja akaanguka ngazini, na mwenye duka akamwambia apumzike nyumbani. Hospitali wakasema ni presha ya macho, ya siku nyingi, na kilichopotea kimepotea. Alirudi akasema daktari ni mtoto mdogo hajui kitu. Haukupita muda mrefu akawa hatofautishi mchana na usiku.

Mngedhani angelainika. Wapi. Alikaa chumbani mwake kutwa, anapapasa rafu, analijua kila jiwe kwa kidole, na mama ndiye aliyekuwa akimpikia, akimfulia, akimwongoza chooni. Wakienda na kurudi koridoni hawakuambiana neno. Shikamoo yangu ya asubuhi ndiyo ilikuwa mazungumzo yote ya nyumba.

Na mama naye alikuwa amekwisha macho. Siku moja alikuja mwanamke mmoja, msimamizi wa shule, yule aliyekuwa akimpa mama kazi ya sare tangu nikiwa mdogo. Akatandika suruali kwenye meza ya cherehani, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Mama, hebu angalia. Mshono unapanda, unashuka. Hii si kazi yako ninayoijua mimi."

"Ni mwanga," mama akasema. "Ni huu mwanga wa hapa."

"Mimi sijui, lakini wakubwa wameona. Zinazofuata zikija hivi, watazipeleka kwa mwingine. Nimekuja kukwambia mwenyewe ili usisikie njiani."

Alipoondoka, mama alikaa na suruali mapajani. Shule ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha sote watatu, pamoja na yule aliyejifungia mbele. Kisha akainuka akaenda kugonga. Mlango haukuwa tena na kufuli, kipofu hawezi kuhangaika na kufuli, lakini mama alikuwa bado akigonga.

"Shemeji, naomba dirisha. Nitapoteza ile kazi ya shule. Na wewe huoni tena, pazia linakusaidia nini?"

"Mimi ndiye nisiyeona jua," akajibu kutoka kitandani. "Mawe bado yanaliona. Rudisha mlango."

Mama akaurudisha. Hakusonya, hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyetaka kuingia nimwambie lake, akanishika mkono.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, tukasikia akiita. "Shemeji. Shemeji, njoo." Sauti ilikuwa imepanda, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuita, tulikimbia wote wawili. Tulimkuta amesimama mbele ya rafu ya dirishani, kiganja chake kiko juu ya Malkia. Pazia lilikuwa limechakaa. Miaka ilikuwa imelila kwenye mkunjo, na pale palipokuwa na bitana kulikuwa na mpasuko mrefu, na kupitia mpasuko ule jua lilikuwa limemwangukia Malkia na mkono wake.

"Lina joto," akasema. "Jiwe lina joto. Jua linaingia. Tangu lini linaingia?"

"Pazia limechanika," mama akasema.

"Niangalizie. Niangalizie rangi." Akamsogezea jiwe. Sikuwahi kumwona ameogopa kitu. "Limebaki vipi? Sema."

Mama alivuta pazia lote. Chumba kikajaa mwanga kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, na nikayaona mawe yote kwa pamoja, rafu kwa rafu, yanang'aa na vumbi lake. Malkia naye nikamwona. Nilisimama mlangoni, macho yangu ni mazima, na nawaambia alikuwa zambarau iliyoiva, kila fuwele, hajapungua hata chembe. Mama alimtazama kwa muda mrefu. Akamgeuza huku, akamgeuza kule, kama anavyotafuta kasoro kwenye kitambaa.

"Imekwisha, shemeji," akasema.

"Imekwishaje?"

"Rangi. Imekwisha. Ni jeupe, labda huku chini kabisa kumebaki kidogo, kama maji ya kusuuzia."

Baba Mkubwa akapapasa kitanda, akakaa. "Tangu lini?"

"Nitajuaje? Mimi si ulinikataza kuingia humu?"

Hakuniuliza mimi. Nilikuwa palepale, alijua nipo, alinisikia nikihema. Lakini maishani mwake hakuwahi kuniuliza kitu, na siku ile hakuanza. Alikaa na jiwe mapajani, kidole chake kikitembea kwenye ncha za fuwele, moja baada ya nyingine, zikiwa vilevile alivyozizoea, maana rangi haina ncha. Mtu wa Brazili angemhurumia. Mimi nilimtazama nikasubiri huruma inijie, haikuja.

"Na mengine ya zambarau?"

"Vilevile."

Akalifunika jiwe kwa viganja vyote viwili. Nje watoto walikuwa wakipita kutoka shule, wamevaa suruali za mama.

"Basi acha pazia wazi," akasema mwishowe. "Lete hiyo cherehani yako. Hamna tena cha kulinda humu."

Tuliihamisha mchana huohuo, mama mbele na mimi nyuma, kabla hajabadili mawazo. Mama alifumua ile suruali ya msimamizi akaishona upya dirishani, na mshono ukanyooka kama mstari wa rula. Shule haikumwacha.

Msidhani walipatana. Baba Mkubwa alilalamikia kelele za cherehani, harufu ya mafuta ya mashine, nyuzi alizozikanyaga kwa miguu mitupu. Mama alimwambia kama kelele zinamkera, korido ipo, na balbu ameiacha. Walikula siku zao hivyo, wamepeana migongo ndani ya chumba kimoja, mmoja anashona na mwingine amekaa kwenye kiti karibu na dirisha, Malkia mapajani, jua limemwangukia usoni. Nadhani alilipenda lile joto. Hakusema, na sisi hatukumuuliza.

Jua nalo likafanya kazi yake. Nilipokuwa nikija kuwatembelea, maana nilikuwa nimeshaanza maisha yangu, nilikuwa nikimwangalia Malkia kabla sijamwangalia mtu. Zile ncha za juu zilianza kupauka. Halafu upande uliotazama dirisha. Kila nikija rangi ilikuwa imeshuka kidogo zaidi, mpaka zambarau ikabaki kule chini kwenye mizizi ya fuwele, kidogo, kama maji ya kusuuzia. Yeye aliendelea kulipapasa jiwe akijua ni jeupe.

Baada ya mazishi alikuja yule mhandisi wa machimbo, na mama akamwambia ayachukue mawe yote, hata rafu akitaka. Aliyafunga kwa pamba moja moja kwa heshima. Ya kioo safi yalikuwa mazima, hata lile lenye tone la maji. Alipomfikia Malkia alisimama, akamwinua kwenye mwanga, akamshusha.

"Huyu mbona yuko hivi? Alikaa juani?"

"Mwenyewe ndiye aliyesema pazia liachwe wazi," mama akasema.

Mhandisi akatikisa kichwa, akasema uzee ni mbaya, mtu mwenye akili zake asingefanya hivyo. Malkia hakumchukua. Tangu siku hiyo anakaa kwenye meza ya cherehani, anakandamiza vitambaa visiteleze.

Alipoondoka nikamwambia mama nililokuwa nimelishikilia miaka yote. "Mama, siku ile lilikuwa zambarau. Nililiona mimi mwenyewe. Ulimdanganya."

Mama alilainisha ncha ya uzi mdomoni, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akatunga sindano mara moja tu.

"Sikumdanganya," akasema. "Nilitangulia tu."